Ukuta Uliotupasha Joto

Mjukuu wangu Wanja,

Nakusalimu kutoka Kanja. Nyanya yako sasa anatembea bila fimbo, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama uandike kwenye ripoti yako ya ukaguzi wa umeme lile doa jekundu ambalo kamera yako ya kupimia joto ilionyesha kwenye swichi ya duka la Makutano, kwa sababu mwenye duka anasema ni joto kidogo tu.

Nilipokuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha kahawa, ukuta wa stoo, pale nyuma ya swichi kubwa, ulikuwa na joto. Asubuhi za Julai, baridi ikizidi, sote tuliuegemea tukinywa chai. Rafiki yangu Njeru aliuita jiko la bure. Fundi nilikuwa mimi, na sikuwahi kuuliza joto lile linatoka wapi. Nilishukuru tu.

Siku stoo iliposhika moto, Njeru alikuwa ndani. Mengine sitayaandika.

Sikuwa na kamera, lakini mgongo wangu ulikuwa umeniambia. Andika ripoti, Wanja. Mwenye duka akikasirika, wacha akasirike akiwa hai.

Ni mimi babu yako.