Kiti ya Mgeni huko Dranya

Mvara, Arua
Uganda
Tarehe 20 Novemba 2024

Mpendwa Dada Celestina,

Pokea salamu kutoka kwa mimi mdogo wako Adriko. Habari ya Nakuru? Habari ya baridi ya huko? Mguu yako yenye ilikuwa inavimba, sasa iko namna gani? Shemeji Santo na watoto iko wazima? Mimi kwa mwili niko mzima. Nakula, nalala. Hapa mvua inaanza kwisha, jua ya mchana imekuwa kali.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu mimi nakuwa muongo. Wewe unauliza kama niko sawa, mimi nasema niko sawa, halafu tunaongea habari ya mahindi. Juzi nilinyamaza na wewe ukafikiri netiweki imekufa. Netiweki ilikuwa mzima.

Naandika kwa Kiswahili yetu ya kambi ya jeshi, ile Baba alitulea nayo. Kilugbara mimi nasema tu, kuandika sijui. Usicheke herufi.

Neno yenyewe ni hii. Nataka uniambie: niache kazi yenye niko nayo, ama nibaki. Wewe ndio mkubwa. Baba na Mama hawako.

Unajua mke wangu Kiden alikufa mwezi wa pili. Hukupata njia ya kuja, sikulaumu. Tulimzika kwao Dranya, kwa sababu sisi watoto wa kambi hatuna hata mahali ya kuzika mtu. Kaka yake Lako ndio alitoa mahali. Mtoto wangu Daisy alibaki huko kwa mke wa Lako. Mwanaume peke yake na msichana wa miaka minne, leo saiti hii ya ujenzi, kesho saiti ile, haiwezekani. Watu wote walisema hivyo. Mimi nilikubali.

Sasa kazi yangu. Nalinda nyumba ya mtu. Bosi anaitwa Constantino, mtu wa biashara, iko Juba. Alikuwa anajenga ghorofa hapa Mvara na mimi nilikuwa nabeba zege. Ujenzi ikasimama, mafundi wakaenda, yeye akaniambia baki uangalie simenti mpaka tuanze tena. Asubuhi nafagia. Nafungua geti, nafunga geti, nakaa kwa kiti. Basi. Hiyo simenti imeshakuwa jiwe, hata mwizi haitaki. Pesa anatuma, haikosi. Hakuna mtu ananigombeza.

Hakim, mtu wa boda mwenye anapaki mbele ya geti, ananiita Mkurugenzi. "Mkurugenzi, leo kiti imekuchosha?" Anasema siku nitaacha nimwambie yeye kwanza, anataka hii kazi. Siku ya mpira, watu wa timu ya Onduparaka wanapita hapa na kelele, wananipungia mkono. Wanafikiri mimi ndio mwenye nyumba.

Lakini Dada, hii kazi inanimaliza. Mtu wa mizigo akikaa, kichwa inaanza kazi yake. Nakaa kwa nyumba haina madirisha na namuona Kiden. Si mzimu. Naona tu namna alikuwa anafunga mtoto mgongoni, anakaza kitambaa na meno. Inakuwa jioni na hakuna mtu hata mmoja alinihitaji.

Mwezi imepita nilienda Dranya. Nilipanda gari mpaka Koboko mjini, kutoka hapo boda. Nilibeba sukari, sabuni, na viatu ya Daisy. Wewe unajua heshima ya wakwe. Mkwe akifika anapewa kiti yake, pembeni. Mama mkwe hakaribii. Anasalimia kutoka mbali, uso amegeuza upande ya shamba. Chakula inakuja kwako peke yako, unakula kama mtu amefungwa polisi. Ni heshima, sikatai.

Sasa nani aliniletea kiti? Daisy. Ile ya mbao, aliibeba kwa kichwa. Akaweka chini. Akaenda, akarudi na maji ya kunawa kwa kopo. Akapiga magoti namna wamemfundisha. Akasema, "Mgeni, karibu maji."

Nikamwambia, "Daisy, mimi ni Baba."

Akasema, "Ndiyo, Mgeni."

Wanawake wa jikoni walicheka, si kwa ubaya. Mke wa Lako akaita kutoka huko, "Daisy, huyu ni baba yako." Mtoto akamjibu, "Ndiyo, Mama."

Anamwita Mama. Hiyo ni vizuri. Yeye alipata mama. Mimi nilipata kiti.

Nilinawa. Viatu ilikuwa ndogo kwake.

Jioni Lako akakaa na mimi. Kila kiangazi yeye anapiga matofali kwa ule udongo karibu na mto. Anataka mtu wa kukanyaga udongo na kulisha tanuru kuni. Akasema, "Shemeji, acha hiyo kiti ya bosi huko Arua. Kuja tukanyage. Kwa matope hakuna kiti ya mgeni. Wewe chafuka tu mbele ya mama yangu wiki moja, atachoka kugeuza uso."

Kumbe mama yake alikuwa anasikia. Akasema kutoka nyuma ya nyumba, "Mimi sichoki."

Watu wote walicheka, na mimi pia. Tangu mazishi nilikuwa sijacheka. Halafu nikarudi Arua, na hiyo maneno ya Lako imekaa hapa kwa kifua, haitoki.

Lakini angalia, Dada. Mvua ikirudi, matofali inasimama. Hapo mimi nitakuwa mwanaume bila kazi, nakaa kwa boma ya wakwe. Watasema Adriko ameolewa. Kurudi hapa haiwezekani, Hakim atakuwa kwa kiti. Ingekuwa Kiden iko, ningemuuliza. Angenitukana kidogo, halafu angeniambia.

Na mwili. Wiki hii nilijaribu. Nilichukua jembe ya saiti, nikachimba nyuma ya ghorofa, nikamwaga maji, nikakanyaga. Zamani nilikuwa nabeba zege siku mzima na jioni bado naimba. Sasa jua ilikuwa haijapanda, mgongo ikakataa. Mkono imetoka malengelenge, imekuwa laini kama ya karani. Nilipiga tofali mbili. Moja ilipasuka kwa jua. Hakim akaja akaangalia yenye ilibaki. "Mkurugenzi, hii ni mkate?"

Iko kitu ingine naogopa, sikumwambia Lako. Nitaenda, nitakanyaga udongo kiangazi yote, na Daisy bado ataniletea maji na kusema Mgeni. Leo nikilala najidanganya kwamba mtoto hanijui kwa sababu mimi niko mbali. Nikikaa pale pale karibu yake na bado hanijui, nitasema nini? Hii ndio inanifunga hapa zaidi ya pesa. Hapa hakuna mtu anaweza kunikataa. Hapa iko tu geti.

Wakati ingine naona hata kuuliza ni bure. Nikibaki, nakwisha polepole. Nikienda, nakwisha mbele ya watu.

Dada, hapo juu niliandika Jumatano. Leo ni Jumapili. Ngoma ya kanisa imelia na sikuenda. Nilikaa na hii karatasi nikafikiri: mpaka ifike Nakuru, mpaka wewe ujibu, Lako atakuwa amechukua mtu mwingine. Nikampigia bosi. Nikamwambia atafute mtu.

Alishangaa. Akasema, "Kaa, mafundi wanarudi karibuni." Hiyo alisema Pasaka pia. Akauliza, "Unaenda kwa pesa kubwa?" Nikasema hapana, ndogo. Akauliza, "Sasa unaenda kufuata nini?"

Nikasema netiweki ni mbaya, nikakata.

Hakim nimemwambia kwanza, namna aliomba. Alifikiri nacheza. Halafu akaacha utani, akasema atanibeba mpaka kwa stendi na hataki pesa. Akauliza pia, ile kiti inabaki? Nikasema inabaki.

Usifikiri sasa niko na furaha. Hapana. Niko kama mtu anaenda kwa korti. Usiombe nipate pesa. Omba mgongo ishike mpaka mvua irudi, na mtoto asizoee kuniita Mgeni.

Nisalimie Shemeji Santo sana. Mwambie hapa ng'ombe iko bei mbaya, asitume mtu kununua. Nisalimie mtoto wenu Prossy, nimesikia amemaliza shule, asikubali kazi ya kukaa. Nisalimie mama Elena, jirani yako yule alikuwa ananichekesha kwa simu. Mungu aponye hiyo mguu na awape usingizi mzuri ndani ya nyumba yenu, wote mlale na muamke.

Ukijibu, usitume Mvara. Tuma kwa ofisi ya basi Koboko, kwa jina ya Lako wa Dranya, yeye atachukua. Ndani, juu kabisa, usiandike Adriko. Andika Baba ya Daisy, kwa herufi kubwa. Nitampa mke wa Lako asome kwa sauti, mtoto akiwa karibu.

Mimi mdogo wako, sijaacha kukupenda,

Adriko