Niliwapatanisha Waitaliano Wasiogombana

Bi Mastula mpenzi, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nifike Dubai, na kitumbua hicho hicho nimekitia mchanga kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi ni Mkenya wa Vihiga, nafanya kazi mapokezi katika ofisi ya pamoja huku Jumeirah Lake Towers, zile ofisi ambazo mtu hakodi chumba, anakodi meza, anakuja na kompyuta yake, anakunywa kahawa ya bure na anakuambia hiyo ndiyo kampuni. Nimeona wengi wakija na wengi wakiondoka, lakini baada ya Ramadhani waliingia Waitaliano wawili, Donato na Ilaria, wametoka mji unaoitwa Bari, na tangu siku hiyo Bi Mastula kazi yangu ikawa sinema. Wametengeneza kidude kidogo kama kipande cha sabuni, unakibandika ndani ya chumba cha baridi cha matunda au nyama, joto likipanda tu simu yako inalia popote ulipo. Kwao kila mtu aliwaambia wangoje, wajaribu mwakani, wakaona heri waje hapa ambapo walisikia mtu akikipenda kitu chako leo kesho ni mteja. Siku kidude kilipolia vizuri mara ya kwanza, walikuwa wamekiweka kwenye friji ya jikoni letu kati ya maziwa na saladi za watu, Donato alinishika mikono akanizungusha pale mapokezi mbele ya wageni, Ilaria analia huku anacheka, nami nikajikuta napiga vigelegele kama niko harusini, hadi meneja wetu madam Afrah akatoka ofisini kwake kuangalia kuna nini.

Basi nikawa mmoja wao bila kuambiwa, na mteja nikawaletea mwenyewe. Kuna mzee wa Mombasa, Mzee Munir, anauza parachichi na maembe kutoka kwetu, ana vyumba vya baridi kule soko la matunda la Al Aweer, na nilipofika huku sina mtu ni yeye na mkewe walionipa pa kulala hadi nikapata kazi, kwa hiyo ananiita mwanangu na neno langu kwake lina uzito. Nilimsikia akilalamika kwamba mtambo ulizima siku ya Ijumaa na parachichi zikaharibika, nikamwambia mzee, kuna watu wangu. Akakubali kujaribu chumba kimoja. Idd ya kuchinja yuko kwa ndugu zake Sharjah anakula pilau, simu ikalia, akakimbia sokoni na akaokoa mzigo wote, akanipigia akiwa bado anahema, "Peninah mwanangu, kidude chako chaniita kwa jina!" Akasema atakuja ofisini kutia sahihi kwa vyumba vyake vyote, na hapo ofisi yetu nusura ipae.

Sasa nisikilize hapa. Donato na Ilaria hawaongei, wanapayuka. Asubuhi wanapayuka, wakila wanapayuka, mikono iko hewani, Kiitaliano chao kwangu ni kama sahani zinaanguka, majirani wa meza wanaziba masikio, na Dancan, mlinzi wa chini ambaye ni mtu wa kwetu, hunipigia simu na kuniuliza, "Dada, ni wale tena? Nipande ama niwache?" Nilikuwa najiambia ni tabia tu. Lakini siku aliyokuja Mzee Munir ilikuwa imezidi, lifti inafunguka Donato anapiga meza, Ilaria anarusha kalamu, anageukia ukutani. Mzee na kanzu yake nyeupe akasimama kwangu, hakwenda mbele. Akaniinamia akauliza polepole, "Mwanangu, nambia kweli. Hawa wazungu wako wapatana?"

Bi Mastula, kwetu baba na baba mdogo walikuwa na kinu cha kusaga mahindi pamoja. Siku moja nikiwa mdogo walifokeana mbele ya wateja, hivyo hivyo, meza ikapigwa, na tangu siku hiyo hawakusemeshana hadi baba mdogo akazikwa, na kinu kikaota kutu pale pale katikati ya nyumba mbili. Hicho ndicho nilichokiona, hata Waitaliano sikuwaona. Nikamjibu, "Mzee, ngoja kwanza. Hawa wanaachana. Usitie sahihi hadi wapatane." Akanishukuru, akaenda kuwaambia ameitwa sokoni kwa haraka, wiki ijayo inshallah, akaondoka.

Nami nikaona kazi ya kupatanisha ni yangu. Kesho yake nikapika chapati na ndengu, maana kwetu watu hawapatanishwi na njaa, nikawaingiza chumba cha vioo, nikawakalisha, nikaomba Mungu kwa Kiingereza, nikawaambia washikane mikono na waombane msamaha. Wakatazamana. Wakacheka mpaka Donato akapaliwa na ndengu. Ilaria akanifuta mashavu, maana mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, akaniambia, "Peninah, hatugombani. Tunafikiri." Kumbe vita vyote vya siku ile vilikuwa juu ya ile taa ndogo ya kidude, ikae juu au ubavuni, Donato akashinda, na jioni walikwenda kula pamoja. Kisha nikiwa sijapata hata pa kuficha uso wakaniambia kuna jambo walikuwa wanangoja kuniambia. Mzee Munir akitia sahihi watahitaji mtu wa kwenda kwa wafanyabiashara, akae nao, awasikilize, na mtu huyo ni mimi, na viza watanifanyia wao. Ilaria akaongeza, "Lakini ujifunze kutupinga. Unakubali kila kitu, unanitisha."

Mimi Bi Mastula! Mimi wa kupokea vifurushi na kuonyesha watu choo kiko wapi! Nilipiga kelele hadi Dancan akapiga simu, nikawakumbatia wote wawili na mikono yangu ina mafuta ya chapati, na katikati ya kukumbatia nikakumbuka nilichomwambia mzee.

Sikusema. Ilikuwa siku ya furaha sikutaka kuivunja, nikasema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Wakimwandikia Mzee Munir anajibu subira, subira, na wao hawaelewi subira ya nini. Mwisho wa mwezi huu ndio mwisho wao wa kukaa hapa, bila mteja huyu hawawezi kuendelea, watarudi Bari. Na sasa wamenyamaza. Wiki nzima hakuna kelele, kila mtu na kompyuta yake, wanapeana samahani na tafadhali. Majirani wa meza wananipongeza, madam Afrah ameniambia, "Mashallah Peninah, umewafunza adabu," na hata mimi siku ya kwanza nilidhani maombi yangu yamejibiwa. Jana nimemkuta Ilaria jikoni anakausha birika lao dogo la kahawa, lile walilotoka nalo kwao, analifunga kwa taulo.

Nikienda kwa mzee kumwambia nilikosea, na kesho asikie watu hao hao wamenipa kazi, atasema nimenunuliwa, na jina langu kwake ndilo mali niliyo nayo mji huu. Nikiwaambia Waitaliano, kazi imekwenda, na wananipenda Bi Mastula, sijui nitawatazama vipi. Nikinyamaza labda mzee atarudi mwenyewe. Niambie la kufanya, na ukichapisha tafadhali badilisha majina, maana Dancan husoma ukurasa wako kabla ya kitu kingine chochote.

Ni mimi wa mapokezi,
Jumeirah Lake Towers

*

BI MASTULA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jina la Peninah nimekupa mimi, na wenzio wote nimewapa majina mengine, kwa hiyo huyo mlinzi wako akisoma hapa na ajikune kichwa tu.

Barua yako nimeisoma jikoni kwangu Al Warqa, nikacheka mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kulikoni. Kisha nikafika kwenye lile birika linalofungwa taulo, nikaacha kucheka.

Ngoja kwanza nikugombeze, maana umejitakia. Kiitaliano hujui hata kuomba maji, lakini hukumu umeshatoa: wanaachana. Nani kakwambia? Ungekwenda pale mezani ukauliza, "Jamani, kuna nini?" wangekujibu, "Taa." Wewe ukachukua habari ya kinu cha Vihiga ukampa mzee wa watu kama habari ya Dubai. Najua hukuwa na nia mbaya. Mtoto aliyeona baba yake na ami yake wakitupana namna ile, akisikia meza inapigwa moyo wake hukimbia hata akiwa mtu mzima, na hapo nakuonea huruma kwa dhati. Lakini huruma yangu haitamrudisha Mzee Munir.

Na hiyo labda atarudi mwenyewe, khalas, ifute. Hatarudi. Ulimwambia angoje mpaka wapatane, naye anangoja wewe umpe habari kwamba wamepatana. Yeye anadhani anawafanyia watu wema kwa kuwapa nafasi, wao wanadhani hawatakiwi, na ufunguo umeukalia wewe hapo kwenye kiti cha mapokezi.

Ukimaliza kusoma hapa, inuka. Waendee wakiwa wote wawili, usimnong'oneze mmoja. Waambie, "Mteja hajawakataa, nimemzuia mimi, na sababu ni hii." Habari ya kinu waambie pia, ni haki yao kujua kelele zao zilikuwa zinakupeleka wapi. Usilie kabla hujamaliza, maana ukilia watakubembeleza na neno litapotelea njiani. Wala usiombe wakubakishie ile kazi. Wakiamua kukunyima watakuwa hawajakudhulumu, na kazi ya mapokezi bado unayo.

Kutoka hapo shika teksi uende Al Aweer. Sitaki kusikia simu, sitaki kusikia ujumbe wa sauti. Mtu aliyekupa pa kulala anastahili uso wako. Anza na ile kazi uliyoahidiwa, kabla hata chai haijamiminwa, maana akiisikia kwako ni habari, akiisikia kwa mtu mwingine ni njama. Ndipo umwambie ulikosea na kwa nini. Halafu, Peninah, nisikilize vizuri: usimwombe atie sahihi, na usiwasifie Waitaliano wako hata kwa nusu neno. Neno lako juu ya watu hao limeshaingia doa, usimpe jingine. Mwombe tu aje akae nao wakiwa kazini, aone kwa macho yake na asikie kwa masikio yake. Huyu ni mtu wa sokoni! Kila alfajiri anasikia watu wakitoana roho kwa sababu ya bei ya maembe, na jua likitoka wanakunywa chai meza moja. Atawaelewa kabla hujamvutia kiti. Akikataa kuja, amekataa akiwa anajua ukweli, na ubaki naye kwa adabu ile ile.

Kuna jambo jingine ambalo umeniandikia bila wewe mwenyewe kuliona. Ulikishangilia kile kimya chao. Ofisi nzima inakupongeza kwa kimya, na madam naye anakwambia mashallah. Mwanangu, watu hao walipokuwa wanarushiana kalamu walikuwa wanajenga kampuni. Leo wanapeana tafadhali kwa sababu hawana tena cha kugombania. Na nakuuliza kwa upole, maana najua panauma: hicho kinu cha kwenu kiliota kutu kwa ile kelele ya siku moja, au kwa miaka yote ile ambayo baba yako alipita mlangoni kwa nduguye bila kusema neno?

Ilaria alikwambia ujifunze kuwapinga, ukadhani anakutania. Hiyo ndiyo kazi yenyewe waliyokupa. Ukishawaambia watanyamaza kwanza, na kimya hicho kitakuogopesha kuliko kelele zote. Kisha Donato atapiga meza. Ilaria atarusha chochote kilicho karibu naye, watakufokea wote wawili kwa lugha ya sahani zinazoanguka, majirani wataziba masikio, madam atatoka ofisini kwake, na mlinzi atapiga simu kuuliza kama apande. Mwambie asipande. Usiwapikie chapati, usiwaombee kwa Kiingereza. Vuta kiti, kaa kati yao, nawe upige meza.