Wale Niliowaandika Hawana Kazi

Jumamosi, nyumbani Siakago. Jua limewaka tangu asubuhi na mimi niko tu, sina furaha wala huzuni.

Nimerudi kutoka Pwani wiki hii. Nilitumwa kuandaa maswali ya utafiti na kuwauliza wanakijiji wa ufukweni, ili tujue soko jipya la samaki linawahusu kina nani. Ripoti inatakiwa Jumatatu. Atakayeorodheshwa humo kama mdau ataitwa mkutanoni kuamua soko lijengwe wapi. Asiyeorodheshwa atalikuta limeshajengwa.

Leo mama aliniuliza nilikuwa nauliza watu nini huko. Sikuwa na nguvu ya kueleza, nikatoa karatasi nikaanza kumuuliza yeye. Jina. Umri. Swali la nne: kazi yako ni ipi? Mvuvi, mkulima, mfanyabiashara, mwajiriwa, hana kazi.

"Mimi sina kazi," akasema. "Wewe andika tu niko nyumbani."

Alisema hivyo huku akifunga muguka, majani ya kutafuna aliyoyachuma tangu alfajiri, ya kumpelekea mteja wake sokoni.



Kule Pwani, kina mama wanaokaanga samaki pale pale ufukweni waliniambia vivyo hivyo, karai likiwa motoni. Nami nikatia alama. Karibu wote wako kwenye "hana kazi", na walio humo niliwaondoa kwenye orodha ya wadau. Soko likijengwa pale walipo, wao ndio watakaokosa pa kukaangia.

Nilifaa kushtuka. Nilikaa tu nikiitazama ile karatasi kama imeandikwa na mtu mwingine.

Baadaye nilimuuliza mama kwa namna nyingine: jana, tangu uamke, ulifanya nini? Akaanzia kwa mbuzi. Nafasi ya kuandikia iliisha kabla hajafika saa nne asubuhi. Hilo ndilo swali nililofaa kwenda nalo.

Nimempigia bosi. Nimemwambia kosa si la wale kina mama, ni la swali langu, na lazima waulizwe upya. Amesema ataangalia kama nitarudi mimi au atatuma mwingine. Nimesema sawa. Hata hilo halijaniuma.

Kilichoniuma ni kingine. Nikiwa shule, kila mwaka tulijaza fomu. Kazi ya mama: hana. Nilijaza mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, na muguka wake ndio ulionisomesha.

Kina mama wa Pwani bado wanaweza kuulizwa tena. Zile fomu nitazirekebishia wapi?