Picha ya Baba Mkubwa Akicheka

Soweto, Mbeya
Jumatatu, 10 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa palizi limetulia. Mama naye mpe shikamoo yangu, umwambie sweta alilonifumia nalivaa kila siku kwa sababu mvua za huku hazina adabu. Mimi sijambo. Mama mkubwa hajambo. Baba mkubwa Obeid ni mzima kabisa, asubuhi hii amekunywa chai vikombe vitatu. Hiyo habari ya Baba mkubwa naomba uisome mara mbili, kwa sababu huenda ukasikia mengine.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Baba, ukipokea simu unaiweka sauti kubwa ili Mama asikie, na Mama akisikia, wapangaji wote wanasikia. Halafu mimi kwenye simu najibu "ndiyo Baba" hata pale ninapotaka kusema hapana. Kwa hiyo barua nimempa jirani yetu dada Joyness, anayesafiri kesho kuja Iringa, akufikishie mkononi. Naomba uisome ukiwa peke yako, na uwe umekaa.

Ulinipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Ulisema kama kufikia hapo sijapata mahali pa maana pa kujifunza kazi ya picha, nirudi nyumbani Mlandege nikaanze ushonaji kwa mama mdogo. Nilikubali, na neno lako sijalisahau. Hapa Soweto kuna studio ya Fundi Anyitike, mama mmoja wa Kinyakyusa anayepiga picha za harusi, za kipaimara na za pasipoti. Huchukua mwanafunzi mmoja tu kwa mwaka, na mtihani wake hauna karatasi. Anaandaa maonesho kwenye ukumbi ulio karibu na studio. Wanakuja wapiga picha na wachoraji ambao hawajasomea popote, kila mtu na kazi yake moja, na kila mtu anasimama mbele za watu aeleze alivyoitengeneza tangu mwanzo hadi mwisho. Anayemridhisha ndiye anayechukuliwa. Baba, unanijua. Kidato cha pili nilifyeka nyasi za shule wiki nzima kwa sababu nilikataa kusoma matangazo mbele ya mstari. Picha sikuiogopa. Niliogopa maelezo.

Picha yenyewe ilitokana na msiba wa mzee Abrahamu, rafiki yake Baba mkubwa, aliyefariki mwezi wa kwanza. Siku ya mazishi hawakuwa na picha yake nzuri, wakakuza ile ya kitambulisho. Baba mkubwa alirudi amekasirika. Alisema wamemzika rafiki yake na sura ya mtu anayetafutwa na polisi, na kwamba yeye hataacha uso wake uchaguliwe na watu wanaokimbizana na sufuria za ubwabwa. Akaniambia nimpige picha yake ya msiba sasa hivi, akiwa na nguvu zake, aihifadhi kabatini.

Nilimkalisha kwenye kigoda mlangoni pa stoo ya viazi, kwa sababu pale mwanga wa asubuhi unaingia kwa upande mmoja tu, na ukungu unaulainisha. Kamera niliazima kwa Fundi Anyitike. Upande wenye giza mama mkubwa alinishikia mfuko mweupe wa sembe ili uurudishe mwanga usoni. Hayo yote yalikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa Baba mkubwa mwenyewe. Anaamini kwamba mtu akipumua, picha inatikisika. Kila nilipoinua kamera alijaza hewa kifuani, akaibana, macho yakamtoka, shingo ikavimba. Nilimwomba apumue, akaniuliza kati yangu na yeye nani alianza kupigwa picha. Nilipiga arobaini na moja. Katika zote anaonekana kama mtu aliyezamishwa chini ya maji. Mama mkubwa alichoka kushika mfuko akasema akifa na sura hiyo yeye kwenye mazishi haji.

Ya arobaini na mbili alicheka. Namna alivyocheka nitaeleza mbele, kwa sababu hapo ndipo penye kosa langu. Kwa sasa ujue tu kwamba kichwa kilikwenda nyuma, kofia ikaanza kudondoka, mkono ukapiga goti, na lile pengo lake, ambalo hata mama mkubwa huwa halioni mara kwa mara, likaonekana lote. Kofia imetoka na ukungu kidogo kwa sababu ilikuwa njiani. Sikumwonyesha. Nilimwomba ruhusa nipeleke picha yake moja kwenye maonesho, akasema nipeleke yoyote mradi koti lionekane. Koti linaonekana.

Fremu tuliitengenezea Mbalizi, kubwa, yenye kioo. Jumamosi ilikuwa siku ya maonesho. Bodaboda niliiogopa kwa ajili ya kioo, nikaamua kutembea kutoka nyumbani. Fundi wa fremu alikuwa amenionya nisigeuze kioo kifuani, vifungo vitakikwaruza, kwa hiyo nikaishika kwa mikono miwili, picha ikiangalia mbele. Kulikuwa na manyunyu, mama mkubwa akaifunika kwa juu na kitambaa chake cheupe cha meza. Nilivaa nguo zangu nzuri, nazo ni sketi nyeusi na blauzi nyeupe ya shule. Nilikwenda polepole ili nisiteleze. Na nilitazama chini, kwa sababu mimi hutazama chini.

Nadhani Baba umeshaona. Mimi sikuona.

Mama Gwakisa, anayeuza ndizi pale njia panda, ndiye aliyeona kwanza. Aliweka mikono kichwani. Akafunga khanga kiunoni, akamwachia mwenzake ndizi, akaanza kunifuata bila kusema neno. Mafundi baiskeli walisimama wakavua kofia, nao wakafuata. Nilipogeuka mara ya kwanza walikuwa sita. Nikafungua mdomo niwaambie Mzee Obeid ni mzima, sauti ikakwama. Nikaona bora niongeze mwendo niwaache. Nao wakaongeza. Mara ya pili nilipogeuka sikuweza kuwahesabu, na mmoja wa kwaya alikuwa ameshaanzisha wimbo wa mazishi, sauti ya pili na ya tatu zote zimeshapatikana. Nyuma yangu nilisikia wanawake wakisema kumbe mzee alikuwa mcheshi, tazama alivyokuwa anacheka, na sisi tulimwogopa bure. Hapo Mama Gwakisa akanishika kiwiko, akaniambia mwanangu lia, usijibane, ukijibana yatakugeukia ugonjwa. Baba, nililia. Nililia kwa hofu, lakini nani angejua? Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na shaka tena.

Baba mkubwa alikuwa kwa kinyozi, anajiandaa kuja ukumbini. Alisikia wimbo akatoka nje na kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Unamjua, msiba haumpiti. Aliungana na watu kule nyuma kabisa, akaimba beti mbili nzima. Ndipo akamuuliza aliyekuwa mbele yake ni nani aliyetutoka. Yule mtu, bila kugeuka, akamjibu ni Mzee Obeid. Baba mkubwa akauliza Obeid yupi. Yule akasema yule wa viazi, mkali yule, aliyemfukuza mkwewe kwa sababu ya jembe, lakini tumwachie Mungu. Baba mkubwa akasema lile jembe lilikuwa lake. Yule mtu akageuka. Wanasema aliruka mtaro ambao kwa akili zake za kawaida huupita darajani.

Makelele yalipofika mbele, nilisimama. Watu waliachia njia, Baba mkubwa akaja mpaka kwangu. Hakunitazama mimi, aliitazama picha. Akauliza huyu anayecheka ni nani. Nikamjibu ni wewe Baba mkubwa. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyoweza kuitoa tangu nyumbani. Akamgeukia Mama Gwakisa, akamuuliza kama machozi yale yalikuwa ya kweli. Mama Gwakisa akamjibu kwa hasira kwamba yalikuwa ya kweli, na kwamba ndizi zake huko nyuma zinaibwa kwa ajili ya mtu aliye hai. Baba mkubwa akajifuta kichwa upande ulionyolewa. Akasema watu wameshaacha kazi zao, haifai warudi hivi hivi, kwa hiyo wote waende ukumbini. Ndivyo ilivyotokea kwamba mimi, Baba, ambaye siwezi kusoma matangazo, niliingia kwenye maonesho na watu wasiopungua mia moja.

Alitangulia kijana aliyechora mlima Loleza kwa majivu na maji ya kahawa. Alieleza vizuri na kwa kirefu, mpaka aina ya kuni zilizotoa majivu. Kisha nikaitwa. Nikaanza na mwanga, nikaeleza mlango wa stoo, ukungu, mfuko wa sembe. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwepo. Nilieleza hata habari ya kubana pumzi, na watu wakacheka, na Baba mkubwa akawaambia kwa sauti kwamba picha hutikisika, wao hawajui. Nikadhani nimemaliza. Fundi Anyitike akasema hapana. Akasema mtaa mzima unamfahamu Mzee Obeid na hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, kwa hiyo nieleze alichekaje. Nikasema nilimsimulia kitu. Akauliza kitu gani. Akasema sharti la pale wanalijua wote: anayeficha hatua moja, hiyo kazi si yake.

Sasa nakuomba usimame kidogo kabla ya kuendelea, unywe maji.

Baba, nilimsimulia habari ya bata mzinga wa Mama Severina.

Najua nilikuahidi. Nilikuahidi palepale, ndoo ya maji ikiwa kichwani, na sijawahi kumwambia hata Mama. Usharika wetu wote unajua kwamba asubuhi ile ulipanda juu ya rundo la matofali ya Mama Severina, Biblia mkononi, ukawahubiria wanawake waliokuwa wakienda sokoni, na kwamba watu wawili walirudi kundini siku ileile. Wanayataja mahubiri yale mpaka leo, na ulichaguliwa kuwa mzee wa kanisa kwa ajili ya hayo. Ni mimi na wewe tu tuliojua kwamba ulipanda kwa sababu bata mzinga alikufukuza kutoka kwenye bomba, na kiatu kimoja alikuwa nacho yeye. Siku ile ya picha, ya arobaini na moja ilipoharibika nami nilikuwa karibu kulia, kitu pekee cha kuchekesha nilichokijua duniani kilikuwa hicho. Kikanitoka. Baba mkubwa akapasuka, nami nikabonyeza.

Na ukumbini nikakisema tena, chote. Kuna jambo baya zaidi. Mwinjilisti Kalinga wa usharika wetu alikuwepo. Alikuja Mbeya kwa semina, akasikia kuna maonesho. Ningeweza kukuandikia kwamba sikumwona. Nilimwona, safu ya tatu, kabla sijafungua mdomo. Nilijua kwamba nikinyamaza, nafasi imepotea, na nikisema, wewe utaaibika. Nikasema. Hilo ndilo kosa langu, Baba, na sina wa kumsingizia. Mwinjilisti alicheka mpaka akavua miwani. Nilimfuata mlangoni nikamsihi asinitangulie kukuambia, akasema atasubiri mpaka Jumapili hii inayokuja, lakini nisichelewe, kwa sababu yeye ni binadamu.

Fundi Anyitike amenipa nafasi. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya mzazi ya kutia sahihi. Usipoitia sahihi nitaelewa, nitarudi, na nitashona bila kununa.

Ila nikujulishe kitu kimoja, ili ukikisikia kwa Mwinjilisti usifikiri amekiongeza. Watu walipokuwa bado wanacheka, niliwaambia sijamaliza. Nilisema yule bata hakukaa pale hata dakika tano. Aliacha kiatu, akaenda zake kwenye mashina ya migomba. Ulimwona akiondoka, nami nilikuona ukimwona. Ungeweza kushuka. Lakini mama mmoja mwenye kikapu, katika wale wa sokoni, alikuwa ameshakaa chini kwenye nyasi, analia, ukaendelea kuhubiri karibu saa nzima, mguu mmoja hauna kiatu, kwenye baridi ile, mpaka akanyanyuka mwenyewe. Nikasema mimi nilikuwa na ndoo kichwani na sikuikumbuka. Hakuna aliyecheka tena. Mama Gwakisa akafunga khanga yake upya.

Wasalimie mama mdogo, wapangaji, na mdogo wangu Anord, umwambie asome. Baba mkubwa anakusalimu sana. Anasema picha zile arobaini na moja nizifute, hii moja anaiweka kabatini, na anauliza kama kiatu kilirudi.

Nakupenda na kukuheshimu. Ni mimi mwanao asiyesikia,

Bertha