Kijiko Sawa kwa Bukuru na Butoyi

Alhamisi, Julai 1976. Baridi kali, upepo wa vumbi tangu alfajiri. Moshi wa nyika zinazochomwa umefunika vilima vyote vya upande wa Makere.

"Dawa ya kikohozi haijapata kumuua mtu. Kinachoua watu ni dawa kufungiwa kabatini."

Huo ni uongo. Nimebishana na mapadri, na mabwana shamba, na wahariri wa magazeti, lakini sijakutana na maneno machache namna hii yaliyobeba uongo mwingi namna hii. Sentensi ya kwanza ni uongo kwa sababu jana tumemzika Butoyi, mjukuu wangu, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili na hakuwa na ugonjwa wowote. Sentensi ya pili ni uongo kwa sababu ile dawa ingebaki kabatini, Butoyi saa hizi angekuwa hapa uani akimnyang'anya pacha wake kiazi.

Aliyesema maneno hayo mbele ya kijiji kizima, akapigiwa makofi, ni mimi.

Najaribu kuandika kwa utaratibu. Kazi yangu ni kufundisha watu wazima kusoma, na kila siku nawaambia waanze na jambo la kwanza.

Jambo la kwanza ni kikohozi. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki kipya nyumba zetu zimesimama kwa mistari, ukuta kwa ukuta, na mtu akikohoa nyumba ya kwanza, wiki haiishi kabla nyumba ya mwisho haijajibu. Kiangazi hiki kilikuja na baridi na majivu, na kila mtu alikohoa. Zahanati ilikuwa na chupa moja kubwa ya kahawia, dawa ya maji, tamu. Filimoni, mganga msaidizi wetu, aliifungia kabatini. Alimpa huyu kidogo baada ya kumsikiliza kifua, yule akamrudisha nyumbani na maneno tu: kunywa maji ya moto, weka asali, kaa mbali na moshi, kikohozi chenye makohozi usikizuie kwa sababu kinafagia kifua.

Wanawake walirudi wamekasirika. Wakaja kwangu. Kijiji hiki mtu akionewa huja kwangu, na mimi nilikuwa naona fahari.

Nilipeleka hoja kwenye mkutano: dawa igawiwe kila nyumba. Filimoni ni kijana mpole wa Kibondo, hana sauti ya mkutanoni. Alisimama na kofia yake mkononi.

"Dakta, unailinda hiyo chupa kama mahari ya dada yako," mtu mmoja alimwambia kutoka nyuma, na watu wakacheka.

"Bora mahari," Filimoni alijibu. "Mahari haimlazi mtu." Kisha akaeleza, nami namsikia sasa kama vile anasema hapa mezani. "Ndani ya chupa hii mna usingizi wa aina mbili, wazee wangu. Mmoja unatoka kwenye dawa ya kukausha mafua. Wa pili unatoka kwenye kodeini, na hiyo ni ukoo mmoja na afyuni. Aliyetoka kunywa urwagwa nikimpa kijiko, anaweza kulala mpaka pumzi ikasahau kazi yake. Mtoto mdogo hahitaji hata huo urwagwa."

Niliinuka. Nikasema, "Wananchi, ninyi mmekunywa pombe ya ndizi tangu enzi za babu zenu. Nani hapa amepata kusahau kupumua?"

Mkutano mzima ulicheka. Hapo ndipo niliposema yale maneno niliyoyanukuu juu. Nikaongeza kwamba tulikuja kijijini tuishi sawa, tule sawa, na tutibiwe sawa, na kwamba mtu mmoja mwenye ufunguo ni mwanzo wa unyonyaji. Halmashauri ikapitisha hoja kwa makofi. Katibu aliandika.

Nilishinda.

Niligawa kwa mkono wangu. Kila nyumba ilileta chupa ya soda, nami nikamimina kwa faneli ya bati mpaka kimo cha vidole viwili, nyumba yenye wazee wawili sawasawa na nyumba yenye vitoto vitano. Mama mmoja aliuliza wawape watoto kiasi gani. Nikasema kijiko kimoja, mkubwa kwa mdogo. Filimoni alikuwa amesimama kando. Alibandua karatasi iliyokuwa kwenye ile chupa kubwa, polepole asiichane, akaja kunipa.

"Mwalimu, wewe unasoma Kiingereza kuliko mimi. Isome, kisha uwasomee."

Niliichukua. Nikaiweka ndani ya kitabu nilichokuwa nakisoma, historia ya mapinduzi ya nchi za watu, ili nisipoteze ukurasa.

Sikuisoma. Ninasoma hata gazeti lililofungiwa sukari. Ile sikuisoma kwa sababu aliyenipa nilikuwa nimemshinda.

Jumatatu Bukuru, pacha wa Butoyi, alikohoa. Yasinta, binti yangu, mama yao, alimpa kijiko. Kijiko cha kulia, kile kikubwa, ndicho kilichokuwapo. Kisha akampa na Butoyi. Butoyi hakukohoa, hakuwa hata na kamasi. Lakini wale ni pacha, na kwetu pacha hawapewi kitu mmoja mwingine akaachwa. Ukimvisha mmoja unawavisha wote. Ukimchapa mmoja, yule mwingine unamgusa kidogo kwa fimbo. Yasinta alilelewa hivyo na mimi sikuwahi kulipinga, mimi ninayepinga kila kitu.

Mchana Yasinta alipokuwa shambani kwenye maharage, mke wangu Stefania alimsikia Bukuru akikohoa tena. Naye akachukua ile chupa ya soda. Naye akawapa wote wawili. Jioni Yasinta aliporudi akawapa tena. Kila mmoja alidhani anayewapa ni yeye peke yake. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu dawa ilikaa jikoni pamoja na chumvi, na nani huuliza nani katia chumvi?

Jumanne asubuhi niliwakuta wamelala. Watoto wale huamka na jogoo. Stefania alisema, "Leo wametulia." Nami nilisimama mlangoni nikasema kitu ambacho nimejaribu tangu jana nisikiandike.

Nilisema, "Mtu aende akamwambie Filimoni watoto wamelala vizuri."

Nilisema kwa kumdhihaki. Yasinta akacheka, akaenda zahanati kuusema mzaha huo kwa mdomo wake. Filimoni hakucheka. Alikuja mbio, koti halijafungwa vifungo, akaniambia, "Nipishe, Mwalimu," akaingia ndani bila kuvua viatu.

Aliweka sikio kwenye kifua cha Butoyi, akahesabu pumzi kwa vidole. Alimfinya sikio. Akamfungua jicho, akanionyesha: mboni imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Bukuru alipofinywa alilia, kidogo, kama paka. Butoyi hakulia.

"Bukuru alitapika jana?" aliuliza.

Yasinta akasema ndiyo, kila akikohoa alitapika, na dawa nyingi ilitoka.

"Kikohozi kimemsaidia," alisema Filimoni.

Nimelifikiria neno hilo siku mbili. Mgonjwa alikohoa akatapika akabaki. Mzima alimeza yote, kwa adabu, kijiko baada ya kijiko, kwa sababu ilikuwa tamu.

Filimoni alikwenda barabarani kwa baiskeli akasimamisha lori la mahindi lililotoka Kibondo. Tulipanda nyuma. Alimweka Butoyi mapajani, akampulizia pumzi mdomoni, akinyamaza kusikiliza, akimpulizia tena, vumbi lote lile la Makere likituingia machoni. Tulipofika hospitali Kasulu alikuwa bado anapuliza, na daktari alimshika bega ili aache.

Bukuru yuko kule wodini na mama yake. Wanasema ataishi. Leo asubuhi amekula uji.

Jana, kabla sijapanda gari kurudi na mwili kuja kuzika, Yasinta aliniambia jambo moja tu. Hakulisema kwa hasira. Hasira ningeijibu, maana najua kujibu hasira.

"Niliwapa sawa, Baba. Kama ulivyosema."

Leo baada ya watu kuondoka nilifungua kitabu nikaisoma ile karatasi. Haina maneno kumi magumu. Mtu mzima kijiko kidogo cha chai, na saa kadhaa zipite kabla ya kingine. Watoto wadogo wasipewe. Usichanganye na pombe, wala na dawa nyingine ya mafua au ya usingizi. Usiendeshe gari. Mwenye pumu au pumzi fupi asiguse. Iwekwe mbali na mikono ya watoto. Yote Filimoni aliyasema, kwa Kiswahili, amesimama, na kofia mkononi.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya Jumanne. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuzichukua chupa.

Nimerudi na nne.

Wengine walinipa pole wakanipa maji ya kunywa, chupa hawakunipa. Mama Zelida, jirani yangu wa mstari wa tatu, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuandika jina lake, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, msiba umekuchanganya. Dawa haina kosa. Filimoni ndiye kaitia kitu, kwa wivu, baada ya kuaibishwa."

"Mama Zelida, niliimimina mimi. Filimoni hakuigusa."

"Ulisema ni haki yetu. Leo unataka haki irudi kabatini?" Alikuwa amembeba mwanawe mgongoni, naye akikohoa. "Nikikurudishia, huyu nimpe nini?"

Nikasema maji ya moto na asali. Nikasema akipumua kwa shida ampeleke kwa Filimoni. Alinitazama kama nilivyomtazama Filimoni siku ile. Nyuma yake, juu ya jiwe la jikoni, niliiona chupa ya soda imezibwa kwa gunzi la hindi.

Ndivyo nilivyowafundisha. Nilitumia maneno mazuri sana, na sasa maneno hayo yamesimama mlangoni pa kila nyumba yananizuia nisiingie.

Kesho halmashauri inakaa. Wanataka kumfukuza Filimoni. Mwenyekiti ametuma watu niandike barua ya kwenda wilayani Kasulu, maana hakuna anayeandika barua kali kama mimi, na mimi ndiye mfiwa, na barua ya mfiwa hairudishwi. Karatasi wameniletea. Iko hapa mezani, nyeupe. Filimoni nimemwona leo akifunga godoro lake kwa kamba. Hajaja kujitetea kwangu, wala hajaja kunisuta. Alikuja makaburini, akashika koleo, akaondoka.

Ningekuwa mtu wa kukata tamaa kwa kelele ningepiga kelele. Najisikia nimekauka tu. Stefania amekaa jikoni, ameshika kile kijiko, hakiweki chini. Anajua alitoa mara moja. Hajui kama ile mara yake ndiyo iliyomuua. Nimemwambia ile mara ni yangu. Sijui kama amenisikia.

Sitaandika barua ile. Nitauchana ukurasa huu, niupitishe usiku huu mlango kwa mlango nikianzia kwa Mama Zelida, na kesho nitausoma mkutanoni kama ulivyo, pamoja na yale niliyosema mlangoni Jumanne. Huenda watasema nina wazimu wa msiba. Basi nawaandikia hapa moja kwa moja, ili hata nikizomewa kuna mtu anayejua kusoma atauokota. Niliwafundisha wengi.

Wajumbe wa halmashauri: mfungulieni Filimoni lile godoro, mumrudishie ufunguo wa kabati. Katika kitabu cha muhtasari, pale katibu alipoandika kwamba hoja ilipita kwa makofi, aandike nani aliitoa, na aandike kilichofuata.

Mama Zelida, na ninyi nyote mlio na chupa ya soda jikoni: msiniamini mimi. Nendeni mkamtazame mwanangu Yasinta akishuka kwenye gari Jumamosi na mtoto mmoja mgongoni. Mtoto aliyelala kupita kawaida mwamsheni. Asipoamka, asipolia akifinywa, akivuta pumzi chache, msimpe kitu chochote mdomoni, mkimbizeni kwa Filimoni, na chupa mwende nayo. Na kesho, kabla hamjakaa, kabla sijafungua kinywa, kila mtu aje na chupa yake na aiweke mbele ya Filimoni, hata ikiwa imebaki tone.

Wewe, Mama Zelida, uje wa kwanza. Usimpe usiku huu.