Mwandishi wa Machungu

Mashimoni, Kibera
Jumatano, 14 Agosti 1996

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta ukiwa mzima. Najua kila mtu huanza hivyo, hata mimi nimeandika hivyo miaka yote bila kufikiria, lakini leo namaanisha kila neno. Mgongo unaendeleaje? Na kile kifua? Ng'ombe ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili, ya roho utayaona mbele. Naandika Kiswahili kwa sababu Dholuo changu cha karatasi ulikicheka mpaka ukaita majirani. Filister muuza omena ndiye anakuletea kwa mkono, anaondoka leo mchana. Tafadhali isome yote kabla ya Jumamosi, na uisome ukiwa umeketi, maana Jumamosi utapata wageni wengi na ni lazima ujue kinachowaleta kabla hujawaona.

Habari ya kwanza ni njema. Yule mjakazi mjeuri ninayemwigiza kwenye mchezo wa televisheni wa Jumapili amependwa. Mwanzo kazi yake ilikuwa kufungua mlango na kusema karibuni, sasa anawasema matajiri nusu saa nzima. Hata kwenye foleni ya maji wananiita kwa jina lake, ingawa hakuna anayenipisha.

Basi gazeti moja la mastaa likanitumia mwandishi. Jina lake Jeremy Kihara, kijana wa Kawangware, baba yake ana ploti na nyumba za kupangisha kule. Alikuja amevaa miwani ya jua, akaingia nayo kwa nyumba yangu ambayo hata bila miwani huoni sufuria iko wapi. Akajigonga kwa meza, halafu akasema giza hilo lina maana. Mama, ni giza tu. Nilikuwa sijanunua mafuta ya taa.

Mwanzo wa habari alikuwa ameshauandika huko kwao. Akanisomea: ati mvua ilikuwa ikipiga mabati polepole wakati nyota huyu aliponifungulia moyo wake. Nikamwambia nje jua linawaka mpaka mbwa wamejificha. Akanijibu kwa upole kwamba yeye haandiki hali ya hewa, anaandika hali ya nafsi. Basi mvua ikanyesha ndani ya daftari lake, sisi tukitokwa jasho.

Aliniuliza ninapokuwa peke yangu mimi ni nani. Nikasema ni Celine. Akauliza kama ningekuwa ndege ningekuwa ndege gani, nikasema kuku, kwa sababu kuku halali njaa. Gazetini nimekuwa tai. Akauliza napenda chakula gani, nikasema omena na ugali mwingi, na gazetini imeandikwa kwamba nakula kidogo, kama mtu aliyekwisha kushiba huzuni. Adero, jirani yangu ambaye tunagombania ukoko kila siku, alipofika hapo alicheka mpaka akakaa chini. Ukurasa wa pili alikuwa hajaufungua.

Kwa picha alitaka nitazame mbali kupitia dirishani. Nyumba yangu haina dirisha. Ikabidi twende Nyayo Highrise kwa rafiki yangu Maggie, nikasimama kwenye roshani yake nikiyatazama mabati ya Kibera kama mtu aliyesahau anakokaa.

Lakini usidhani namchukia. Huyo kijana ana roho nzuri. Alinibebea mtungi kutoka kioski cha maji, akajimwagia nusu kwa viatu vyake vya ngozi, na hakulalamika. Ugonjwa wake ni mmoja: anaamini staa bila machungu si staa. Aliniambia mwimbaji aliyemhoji kabla yangu alifiwa na baba, akafukuzwa kwa nyumba na akaumwa na nyoka, yote mwaka mmoja. Mimi sikuwa na kitu cha kushindana na nyoka. Nikamwona anafunika kalamu, akisema labda watanipa picha tu na mistari miwili. Halafu, kama mtu anayeaga, akauliza swali moja la mwisho. Hilo nitakuambia, nipe nafasi kidogo nipate nguvu.

Gazeti lilitoka Ijumaa, kurasa mbili nzima. Na kwenye ukurasa wa pili, Mama, imeandikwa kwamba wewe ulifariki mwezi wa pili mwaka huu. Afadhali ulisikie kwangu.

Unawajua watu wetu, hivyo unajua kilichofuata. Jumapili nilitoka kanisani nikakuta viatu vimejaa mlangoni. Chama chote cha watu wa nyumbani kilikuwa hapo, akina mama wamejifunga leso, wanalia. Mwenyekiti wetu, Mzee Osewe, alikuwa na uchungu mara mbili: wa kukupoteza, na wa kwamba nilikuzika kimyakimya miezi sita iliyopita bila kumwambia. Alisema hata huko nyumbani hawakumtumia neno, kwa hivyo wanamdharau. Na kwetu msiba haupitwi na wakati. Ambaye hakulia siku ile atalia siku atakayosikia. Wakakata shauri papo hapo: Ijumaa wanapanda basi, Jumamosi asubuhi wanaingia kwako kulia juu ya kaburi. Hata Jeremy alikuja na mama yake, Mama Wagaki, na mikate minne, akalia kuliko wote.

Nilifungua mdomo niseme uko hai. Adero akanikumbatia, nami nikalia pamoja nao. Aki Mama, nililia. Jumatatu nikapata ujasiri, nikamfuata Mzee Osewe kwake Sarang'ombe, nikamwambia wazi kwamba hukufa. Akanishika bega akasema ndiyo, mwanangu, mama hafi, anaishi mioyoni mwetu. Nikarudia. Akaita watu waniombee.

Sasa lile swali. Usimlaumu Jeremy, hakubuni. Aliuliza tu, "Na mama yako?" nami nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilikumbuka mwezi wa pili, ulipolazwa na kile kifua, ukatuma neno nije. Nami nikatuma blanketi na sukari. Tulikuwa tunarekodi, na niliogopa nikiomba ruhusa watampa mwingine yule mjakazi. Dada Hope aliniandikia kwamba siku tisa ulikuwa ukitazama mlango wa wodi. Barua hiyo sijawahi kumwonyesha mtu. Jeremy aliponitazama machoni alivua miwani yake kwa mara ya kwanza, akauliza polepole, "Lini?"

Nikajibu, "Mwezi wa pili."

Ningeweza kumsahihisha. Nilijua alichoelewa. Lakini niliona kalamu inafunguliwa tena, nikazitaka zile kurasa mbili. Huo ndio ukweli, Mama, na nina aibu nao mpaka chakula hakishuki.

Kwa hivyo dawa imebaki wewe mwenyewe. Jumamosi ukisikia kilio kinapanda kutoka barabarani, usikimbie kwa jirani kuuliza nani amekufa. Vaa lile rinda la kanisa, usimame mlangoni wakuone. Chai iwe nyingi, watakuwa wamechoka na kulia. Jeremy atakuwa na kamera. Akianza kukuuliza kuhusu nafsi, mpe shoka akapasue kuni.

Mimi nitakuwa mbele yao wote, kwa sababu nataka kukufikia kwanza. Nimeomba ruhusa ya siku tisa. Mwelekezi wa mchezo amesema nikienda atampa mwingine yule mjakazi. Nimemwambia ampe. Na ukitaka kunichapa, Mama, nichape hapohapo mbele ya wageni, tena kwa nguvu. Wote wanahitaji kuuona huo mkono, na mimi kuliko wote.

Nisalimie Hope na akina mama wa kanisa, na umwambie kila atakayeuliza kwamba uko.

Ni mimi binti yako, ninayekuja,
Celine