Diwani na Blanketi la Marehemu

Jumatatu, 23 Juni
Mayai mawili, dagaa wa Nyasa kiganja kimoja. Maji ya beseni nimebadilisha, banda nimefagia. Diwani kanitazama tu, tumbo mbele, ahadi hakuna. Ndiyo maana nikampa jina hilo. Kenge gani huyu! Mwaka wa nne namlisha, kibali chake nimekitundika sebuleni kama picha ya harusi, na bado ananichapa mkia. Nikarudi kwenye cherehani. Sare za shule zimejaa.

Jumanne, 24 Juni
Globu ya kumpa Diwani joto bandani imeungua. Baridi ya Songea si mchezo, nimeshona nimevaa koti. Diwani hajala. Nimemfunika blanketi zito, lile la marehemu mume wangu. Jirani yangu Mama Zawadi kasema ninunue globu leo leo. Mhehe, mtani wangu, atanifundisha nini mimi Mngoni? Kesho.

Alhamisi, 26 Juni
Jana sare zilinisahaulisha. Leo globu ninayo, umeme hakuna. Diwani hata ulimi hatoi. Nimeongeza blanketi la pili. Naogopa. Tangu mzee afariki, nyumba hii tuko wawili. Watu hucheka nikisema hivyo. Wacheke.

Ijumaa, 27 Juni
Asubuhi nimemkuta mgumu kama kuni, macho kafumba. Amekufa! Nimelia kama mtoto. Nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikamlaza juu ya gunia kando ya shimo.

Mama Zawadi kasikia kilio, akaja mbio. Nikadhani ananipa pole. Wapi! Katumbukiza miguu shimoni, kakaa.

"Hazikwi mtu hapa! Mtani sijapewa changu!"

Kenge ni kenge, lakini msiba ni msiba na mtani ni mtani, haachii kaburi hadi alipwe. Nikatoa machungwa, akakataa. Nikatoa tetea, akataka jogoo. Nikamtukana ukoo wote, naye akanitukana wangu. Saa nzima! Jua likapanda, likatuchoma migongo. Nikajikuta nacheka huku nalia. Haya, jogoo chukua. Nikageuka kumbeba marehemu.

Gunia tupu.

Marehemu yuko mlango wa jikoni, ulimi nje, anamnyemelea jogoo. Mama Zawadi alitoka shimoni akaacha kandambili zote mbili. Sijawahi kumwona akikimbia vile, na umbo lake lile!

Jumapili, 29 Juni
Nimetoka misa ya kwanza. Umeme umerudi, globu inawaka. Mablanketi nimeyafua, la mzee limerudi kitandani kwangu. Blanketi halina moto wake, linatunza ule ulio nao. Diwani hakuwa nao, wake huupata juani. Miaka minne namfuga na hilo sikulijua, aibu yangu.

Jogoo Mama Zawadi kamdai vilevile. Eti kaburi alilikalia kihalali. Tumemla pamoja kwake, na kandambili nimempelekea. Asingebisha saa nzima pale juani, ningemzika Diwani mzima mzima. Sijamwambia, atavimba kichwa.

Jioni Diwani kala mayai mawili, kisha kanichapa mkia mkononi. Panauma. Nimefurahi sana.